Umekwama kwenye kozi ya kuandika programu? Tafuta chanzo kabla hujahama kozi

Mtu anayejifunza kuandika programu mtandaoni akinieleza kwamba amekwama, mara nyingi anakuja na dawa mkononi: "Nihamie lugha gani?" au "Kuna kozi gani nzuri kuliko hii?" Namwelewa. Kuhama kunakurudisha somo la kwanza, mahali ambapo kila kitu kinaeleweka, na kwa wiki moja au mbili unajiona umepona. Kisha unafika palepale ulipokwamia mwanzo, maana ulihama na ugonjwa wako.

Nimekaa na watu wengi walioamini kwamba kichwa chao hakiwezi mambo ya kompyuta. Karibu kila mara chanzo kilikuwa kitu cha kushikika: faili ambayo haikuhifadhiwa, zoezi lililorukwa, saa ambazo hazikuhesabiwa. Kwa hiyo nimeyaandika hapa malalamiko kwa maneno ya wenyewe, na chini ya kila moja namna ya kujua linatoka wapi. Mifano mingi ni ya Python kwa kuwa wengi wanaanzia huko, lakini anayesoma JavaScript au lugha nyingine atajiona humu vilevile.

"Nikitazama video naelewa, nikifungua faili tupu sijui pa kuanzia"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowavunja watu moyo zaidi, kwa sababu mhusika anaona kabisa kwamba alielewa. Na kweli alielewa. Ila kutambua jambo unapolionyeshwa na kulitoa mwenyewe kichwani ni kazi mbili tofauti, na video inakufanyisha ile ya kwanza tu.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yanayoonyesha jambo hili vizuri. Wanafunzi walisoma makala fupi, kisha wengine wakaisoma tena na wengine wakaandika walichokikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliofanya vizuri zaidi. Mwanafunzi wa kozi ya video anayerudia somo mara tatu yuko kwenye kundi la kwanza: anajihisi yuko sawa leo, na wiki ijayo hana kitu.

Pima hivi. Chukua programu ya somo la jana, funga video, funga maelezo, fungua faili tupu, uandike. Ukikwama, usikimbilie video. Andika kwanza kwa Kiswahili unachotaka kompyuta ifanye, mstari kwa mstari. Tuseme ni programu ya kutafuta wastani wa alama tano:

```
# pokea alama tano, moja baada ya nyingine
# ziweke mahali pamoja
# zijumlishe
# gawanya jumla kwa idadi yake
# onyesha jibu
```

Hapa njia zinagawanyika, na ndiyo maana naipenda hatua hii kuliko zote. Kama hata mistari hii ya Kiswahili imekushinda, tatizo lako si Python. Hujaligawa tatizo lenyewe, na kozi yoyote ya lugha yoyote haitakusaidia mpaka ujizoeze kugawa. Chukua mambo madogo (kutafuta namba kubwa kuliko zote kwenye orodha, kuhesabu irabu katika neno) na uandike hatua zake bila kugusa kodi (maandishi ya programu yenyewe) kwa siku kadhaa. Lakini kama mistari umeiweza, ila hujui "pokea" au "mahali pamoja" vinaandikwaje, huo ni upungufu wa msamiati tu. Fungua maelezo, tafuta neno hilo moja, funga, endelea. Kutafuta neno si kudanganya.

Mwishowe unapata kitu kama hiki:

```
alama = []
for i in range(5):
    alama.append(int(input("Alama: ")))
print(sum(alama) / len(alama))
```

Mistari minne. Aliyeifikia kwa kuhangaika dakika arobaini amejifunza zaidi ya aliyemtazama mwalimu akiiandika kwa dakika mbili, na kesho yake utaiona tofauti yao.

"Nimeandika kama mwalimu, herufi kwa herufi, lakini haifanyi kazi"

Hapa vyanzo ni vingi, na vingi havihusu ujuzi wako hata kidogo. Vipitie kwa mpangilio huu, kuanzia kilicho rahisi kukagua.

Kwanza, je, umehifadhi faili? Kwenye VS Code, programu ya kuandikia kodi, faili yenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa huonyesha kiduara kwenye kichupo chake, mahali pa alama ya kufungia. Ukikiona, programu unayoendesha ni ile ya zamani. Pili, je, unaendesha faili unayoihariri? Watu huwa na `zoezi.py` mbili katika folda mbili, wanarekebisha moja na kuendesha nyingine. Weka `print("nipo hapa")` kwenye mstari wa kwanza. Maneno hayo yasipotokea, umepata jibu bila kusoma kodi yote.

Tatu, jina la faili. Hili lilinila jioni nzima nilipokuwa naanza. Nilikuwa naandika mchezo wa kurusha dadu, nikaiita faili yangu `random.py`, jina ambalo lilionekana la busara kabisa. Ndani yake:

```
import random
print(random.randint(1, 6))
```

Mwalimu wangu wa video alikuwa na mistari hiyohiyo, na kwake ilitoa namba. Kwangu ilitoa hivi:

```
AttributeError: partially initialized module 'random' has no attribute 'randint' (most likely due to a circular import)
```

Nilifuta, nikaandika upya, nikalinganisha nukta kwa nukta. Kumbe Python inapoambiwa ilete `random`, hutazama kwanza folda ilimo programu yako kabla ya kwenda kwenye maktaba yake, yaani kodi iliyoandikwa tayari inayokuja nayo. Iliikuta faili yangu, ikajiita yenyewe, na humo hapakuwa na `randint`. Kubadilisha jina kukamaliza kazi. Usiipe faili yako jina la maktaba unayoitumia: si `random.py`, si `math.py`, si `turtle.py`.

Nne, toleo. Kozi nyingi nzuri zilirekodiwa zamani na bado zinasambaa. Ukiona mwalimu anaandika `print "Habari"` bila mabano, anatumia Python 2, ambayo waundaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Tofauti nyingine ni za siri zaidi: `7 / 2` kwenye Python 2 ni 3, kwenye Python 3 ni 3.5, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaokuzindua. Upande wa React, maktaba ya JavaScript ya kutengeneza kurasa, hali ni hiyohiyo. Kozi iliyotangulia toleo la 16.8 la Februari 2019 itakufundisha kupanga sehemu zako kwa mtindo wa madarasa (class), wakati mifano mingi ya leo inatumia fankisheni (function). Angalia tarehe ya kozi kabla ya kujilaumu.

Tano, umeweka maktaba na bado unaambiwa `ModuleNotFoundError`. Hapo mara nyingi kompyuta yako ina Python mbili: `pip`, zana ya kuweka maktaba, imeiwekea moja, nawe unaendesha nyingine. Andika `python -m pip install` kisha jina la maktaba, ukitumia neno lilelile la `python` unaloendeshea programu, na zote mbili zitakutana.

Sita, ulinakili kodi kutoka kwenye kitabu cha PDF au ujumbe wa simu, na alama za kunukuu zikaja zimepinda. Kwa jicho zinafanana na zile zilizonyooka, kwa Python ni herufi nyingine kabisa. Itakuambia `invalid character` na namba `U+201C`. Zifute, uzipige upya kwa kibodi.

"Maandishi mekundu yakitokea, nafunga kila kitu"

Nakuomba usifunge. Ujumbe wa kosa ndiyo sehemu pekee ya somo inayozungumzia kodi yako wewe, na si ya mwalimu. Usome kutoka chini kwenda juu: mstari wa mwisho unataja kosa, mistari ya juu yake inataja faili na namba ya mstari.

Mfano ambao karibu kila anayeanza hukutana nao:

```
umri = input("Una miaka mingapi? ")
print("Mwakani utakuwa na", umri + 1)
```

```
TypeError: can only concatenate str (not "int") to str
```

Ukitulia, unasema hivi tu: maandishi huunganishwa na maandishi, hayaunganishwi na namba. Mara moja swali linazaliwa: maandishi yametoka wapi, wakati mimi nimeandika namba 20? Jibu ni kwamba `input` hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika tarakimu. Ukiweka `int(input(...))` limekwisha. Ulichopata hapo ni zaidi ya marekebisho, kwa sababu sasa unajua jambo kuhusu `input` ambalo mwalimu pengine alilitaja kwa sekunde moja.

Sasa linganisha na JavaScript. Kule, `"20" + 1` haileti kosa lolote. Inakupa `"201"` na programu inaendelea na safari yake ikiwa na umri wa miaka mia mbili na moja. Lakini `"20" - 1` inakupa 19. Anayeanza na JavaScript anapaswa kujua mapema kwamba programu isiyolalamika si lazima iwe sahihi. Chapisha thamani zako katikati ya kazi, na chapisha aina yake pia kwa `typeof`.

Jambo moja kuhusu namba ya mstari: inaonyesha mahali kompyuta ilipogundua kosa, na kosa lenyewe linaweza kuwa juu yake. Mabano yaliyofunguliwa mstari wa 8 bila kufungwa yalikuwa yanaleta malalamiko kwenye mstari wa 9, watu wakaukodolea macho mstari ambao hauna hatia. Tangu Python 3.10, iliyotoka 2021, ujumbe wa namna hiyo umeboreshwa sana: unaambiwa mabano hayakufungwa, na ukikosea jina unapendekezewa lililokaribiana nalo. Kama Python yako ni ya zamani zaidi ya hapo, kuisasisha tu kutakupunguzia usiku mwingi.

"Kiingereza ndicho kinachonizuia"

Kinazuia, sitakudanganya. Kozi nyingi na karibu nyaraka zote ziko kwa Kiingereza. Lakini tenganisha mambo mawili. Python yenyewe ina maneno maalumu 35 tu, kama `for`, `if`, `while`, `return`. Hayo unaweza kuyaandika kwenye karatasi moja na maana zake kwa maneno yako mwenyewe.

Na majina unayobuni, yaweke kwa Kiswahili wakati unajifunza. Wapo watakaokuambia ni tabia mbaya. Kwa kazi ya pamoja na watu wa mataifa mengine wana hoja, lakini kwa anayejifunza mimi naona faida kubwa. Tazama:

```
for mwanafunzi in darasa:
    print(mwanafunzi)
```

Hapo unaona papo hapo kwamba `for`, `in` na `print` ni vya lugha, na `mwanafunzi` na `darasa` ni vyako. Mwenzako aliyeandika `for student in students` anaweza kukaa wiki nzima akidhani `student` ni amri ya Python. Nimewaona.

"Kila nikirudi baada ya siku chache, nimesahau"

Hermann Ebbinghaus aliandika kuhusu kasi ya kusahau mwaka 1885, baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Kusahau ni kawaida, na dawa yake ni kurudia. Andika upya programu ileile kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kila mara kwenye faili tupu. Ukisahau jinsi amri inavyoandikwa, usiumie. Wenye uzoefu wa miaka mingi hutafuta hayo kila siku. Umia kidogo ukisahau kitanzi (`for` au `while`) ni cha kazi gani.

"Nimeanza kozi nne, sijamaliza hata moja"

Kabla hujajiita mvivu, piga hesabu. Kozi ina saa 60 za video. Kila saa ya video inataka angalau saa mbili za kuandika mwenyewe, kwa hiyo jumla ni saa 180. Una saa 5 kwa wiki baada ya kazi na familia. Hizo ni wiki 36, yaani zaidi ya miezi minane, na hapo hujaugua hata siku moja. Ulijipangia miezi miwili, mwezi wa tatu ukaona umeshindwa, ukahamia kozi nyingine yenye saa 60. Hukushindwa na masomo, ulishindwa na mpango ambao hakuna mtu angeuweza.

Wala hauko peke yako. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichunguza kozi za MIT na Harvard zilizotolewa kupitia edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, na kuchapisha matokeo mwaka 2019: zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia kabisa kwenye masomo.

Si kila kozi inastahili kumalizwa, na kuna wakati kuhama ni haki. Hama ikiwa mwalimu anaandika bila kueleza kwa nini, ikiwa hakuna mazoezi unayofanya peke yako, au ikiwa zana zake zimepitwa na wakati kiasi kwamba unatumia muda mwingi kurekebisha tofauti za matoleo kuliko kujifunza. Lakini ikiwa umechoka kwa sababu imefika sehemu ngumu, kozi nyingine itakufikisha kwenye sehemu ngumu ileile. Kwa anayetaka kozi yenye mazoezi magumu bila kulipia, CS50 ya Harvard na freeCodeCamp zote zinakulazimisha uandike. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza.

"Akili mnemba inaniandikia, na inafanya kazi"

Dalili hii haiumi, ndiyo sababu inachelewa kugunduliwa. Mtu anasonga mbele vizuri, mazoezi yote yamepita, mpaka siku anaombwa abadilishe kitu kimoja kidogo na mikono inaganda.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua kodi uliyopewa, chagua mstari mmoja, na kabla ya kuufuta, andika kwenye karatasi nini kitatokea ukiufuta. Kisha ufute, uendeshe. Ukikosea mara tatu mfululizo, kodi hiyo si yako bado. Usiitupe, irudie mstari kwa mstari mpaka utabiri wako ukae sawa.

Sisemi uiache. Mimi naitumia. Ninachowaomba wanaoanza ni wabadilishe wanachoomba. Badala ya "niandikie programu ya wastani", sema "hii ndiyo kodi yangu, nadhani kosa liko mstari wa 4 kwa sababu hii, niulize swali litakalonisaidia kuliona". Dhana yako iandike kwanza, hata kama ni mbovu. Kosa la aina ya `umri + 1` unalolitatua mwenyewe hutalisahau. Ulilotatuliwa utaliuliza tena wiki ijayo.

"Nina cheti, lakini siwezi kutengeneza kitu changu"

Ndani ya kozi, maamuzi yote yalikwisha kufanywa: programu itakuwa na kurasa ngapi, data itakaa wapi, kitu gani kianze. Wewe ulifanya uandishi. Sasa umeachiwa maamuzi, na hayo hukuwahi kuyafanyia mazoezi.

Anza ukiwa bado ndani ya kozi. Kila mradi ukiisha, badilisha jambo moja ambalo mwalimu hakulifanya. Alitengeneza orodha ya kazi za kufanya? Wewe zipange kwa tarehe, au zihifadhi kwenye faili ili zisipotee programu ikifungwa. Litakusumbua siku mbili. Huko kusumbuka ndiko kulikokosekana kwenye kozi. Baada ya miradi mitatu ya namna hiyo, jenga kitu kidogo ambacho wewe mwenyewe utakitumia wiki hii, hata kama ni mistari thelathini ya kupanga upya majina ya picha zako.

Umepita kote na bado umekwama

Basi omba msaada, lakini andaa swali. Ukisema "kodi yangu haifanyi kazi, nisaidieni" na kupachika picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, hakuna anayeweza kuinakili aijaribu. Punguza programu yako mpaka ibaki mistari michache ambayo bado inaleta kosa. Kisha andika hivi:

"Natumia Python 3.12 kwenye Windows. Nataka kusoma namba kutoka kwenye faili na kuzijumlisha. Faili ina mistari mitatu: 4, 7, 9. Nilitarajia 20, napata ujumbe huu (nimeunakili wote hapa chini). Mistari yangu sita ni hii. Nimejaribu kuweka `int` kwenye mstari wa 3, kosa likahamia mstari wa 5."

Kazi ya kupunguza mistari ifanye kwa subira, ukiendesha programu kila unapoondoa kitu. Mara kwa mara utafuta mstari mmoja na kosa litatoweka. Rudisha mstari huo, uusome polepole, na huenda swali lako usilitume tena.